Daftari la Mjomba: Nani Ameshika Kalamu?

Ndugu zangu, leo siandiki siasa wala mpira. Naomba mnivumilie kidogo, maana habari yenyewe inaanzia dukani Kariakoo, inakwenda mbali sana, halafu inarudi palepale.

Mjomba wangu ana duka la vifaa vya shule na ofisi, jumla na rejareja, hatua chache kutoka Mtaa wa Kongo. Kufika pale lazima upite katikati ya meza za machinga, uruke mkokoteni, upigiwe kelele na kuli mwenye robota kichwani, ndipo umkute amekaa nyuma ya kaunta na miwani yake ya kamba. Ana kaunta buku mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: mauzo ya siku, madeni, nani kachukua mali kauli na kaahidi kulipa lini. Ya pili inakaa chini ya droo ya pesa, ina jalada gumu jeusi, na kwa miaka mingi nilidhani ni mambo ya kodi.

Kumbe sivyo. Siku aliyonionyesha nilikuta kila ukurasa kaupigia mistari kwa rula. Safu ya kwanza tarehe. Ya pili saa alizolala. Ya tatu dawa, tiki au msalaba. Ya nne namba, kuanzia kutoa tatu mpaka kujumlisha tatu. Ya mwisho maneno machache: "Mgeni kutoka Lindi." "Ugomvi na mwenye nyumba." "10/7/2021 soko linaungua, nimekesha, +2." Usiku ule wa moto mkubwa wa soko la Kariakoo, nusu ya mtaa ilikesha. Ila wenzake siku ya pili walilala. Yeye hakulala tena mpaka siku ya tano.

Mjomba ana baipola. Kwa ambaye hajakutana na neno hili, ni maradhi ya akili ambayo mudi ya mtu inapanda kupita kiasi kwa siku au wiki kadhaa, halafu wakati mwingine inaporomoka na kuwa sonona, yaani huzuni nzito isiyobembelezeka. Katikati anaweza kukaa miezi, hata miaka, akiwa mzima kama mimi na wewe. Akipanda halali, anaongea haraka, ana mipango kumi kwa saa, na pesa kwake inakuwa karatasi. Mwaka mmoja mjomba alichukua mali kauli makatoni ya madaftari kwa watu wanne tofauti ndani ya wiki moja, akijua kabisa shule zinafungwa. Wote walimpa kwa sababu neno lake lilikuwa linaaminika. Kulilipa lile deni kulichukua miaka mitatu, na kiwanja cha Mbagala kilikwenda humo humo.

Sasa niseme jambo ambalo silipendi. Nilipoanza kazi ya gazeti nilitumwa kuandika habari ya mtu aliyepanda juu ya jengo mjini na kuanza kuhutubia wapita njia. Niliandika "kichaa" kwenye sentensi ya kwanza, mhariri akaliweka kwenye kichwa cha habari, tukacheka. Sikumuuliza mtu yule jina lake wala ndugu zake. Mjomba aliisoma habari ile dukani. Hakusema kitu wakati ule. Miaka miwili baadaye, siku aliyonionyesha daftari jeusi, aliniambia, "Mjomba, wewe umeandika juu ya watu kama mimi. Leo soma na mimi nilivyojiandika."

Ndipo nikaanza kutafuta: hii kazi ya kuandika mudi ya mgonjwa siku hadi siku imetoka wapi, na nani alikuwa akiiandika?

Mtu wa kwanza unayekutana naye ni Mjerumani, Emil Kraepelin, aliyezaliwa 1856. Mwaka 1899, katika toleo la sita la kitabu chake cha magonjwa ya akili, alikusanya hali zile za kupanda na kushuka akasema ni ugonjwa mmoja. Wafaransa walikwishaona jambo hilo miaka ya 1850, lakini Kraepelin ndiye aliyeliweka likakaa. Alifanyaje? Kwa kadi. Kila mgonjwa wa hospitali ya Heidelberg alikuwa na kadi yake: alikuja lini, akiwa vipi, akatoka lini, akarudi lini. Akizipanga na kuzipangua kadi hizo akaona kwamba dalili za siku moja hazisemi mengi, ila mwendo wa miaka unasema. Baadaye alichora chati za maisha ya wagonjwa, mwaka kwa mwaka, mwezi kwa mwezi, kila hali na rangi yake. Ukiiangalia chati ile na daftari la mjomba unaona ni ndugu wa damu.

Isipokuwa kitu kimoja. Kabla ya Heidelberg, kuanzia 1886 mpaka 1891, Kraepelin alifundisha Dorpat, mji ambao leo ni Tartu nchini Estonia. Wagonjwa wengi pale waliongea Kiestonia, yeye hakijui, akawa anategemea wakalimani. Wapo wanaosema ndiyo maana alizoea kumtazama mgonjwa kwa nje, anavyotembea, anavyolala, analia siku ngapi, kuliko kumsikiliza anasema nini. Mwaka 1904 alikwenda Java, wakati huo koloni la Waholanzi, akatazama wagonjwa wa kule, akaondoka na hitimisho kwamba sonona kwa Wajava ni chache na nyepesi, na kwamba hawajilaumu kama Wazungu. Kwa lugha gani alijua hayo? Tena kwa mkalimani.

Miaka ileile, huku kwetu, Wajerumani walikuwa wanajenga taasisi yao. Lutindi, juu milimani Usambara, ilianza 1896 kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 ikageuzwa kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili chini ya wamisionari, na hospitali hiyo ipo hadi leo. Waliochukuliwa barabarani mijini Pwani na kupandishwa kule, habari zao ziliandikwa kwa Kijerumani na watu wa misheni. Alivyojiona mgonjwa mwenyewe, hakuna aliyempa karatasi.

Waingereza walipokuja wakajenga Dodoma, miaka ya 1920, hospitali ambayo leo ni Mirembe. Jina hilo mnalijua. Tumelifanya tusi. Nani hajawahi kusikia kwenye daladala, "huyu apelekwe Mirembe"? Tunalisema huku tunacheka, na aliyekaa kiti cha nyuma ametoka kule mwezi uliopita.

Lakini kilichoniuma zaidi ni habari ya Nairobi. Mwaka 1938 daktari mmoja Mwingereza, J. C. Carothers, alipewa kuiongoza hospitali ya Mathari. Hakuwa na mafunzo makubwa ya magonjwa ya akili, alikuwa daktari wa kawaida wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani, WHO hiyohiyo, lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba sonona kwa Mwafrika ni adimu. Miaka miwili nyuma alikuwa ameandika kwamba Mwafrika haitumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata sehemu hiyo. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ikamtumia kueleza saikolojia ya Mau Mau. Huyo ndiye alikuwa bingwa wetu.

Jamani, tutulie hapa kidogo. Carothers alikuwa anahesabu waliofikishwa hospitali. Na nani alikuwa anafikishwa? Aliyevunja vitu, aliyevua nguo sokoni, aliyempiga mtu. Yule aliyelala chumbani wiki tatu uso ukutani, asiyekula, asiyesema, ndugu zake walimpeleka kwa mganga, wakampungia pepo, au walimwacha tu wakisema amechoka. Kwenye hesabu za Mathari hayumo. Mtafiti Margaret Field alipokwenda kukaa kwenye vilinge vya matambiko kule Ghana, na kuandika matokeo yake mwaka 1960, aliwakuta wanawake tele wenye huzuni, wanaojilaumu vibaya, wengine wakijiita wachawi kwa vinywa vyao. Walikuwepo siku zote, ila hawakupita mlango ambao mwenye kalamu alikuwa amekaa.

Na baipola yenyewe? Kule Butajira, Ethiopia, watafiti wa nchi ile walipita nyumba kwa nyumba wakawahoji watu zaidi ya 68,000. Walipochapisha mwaka 2005, walikuta kiasi cha mtu mmoja kati ya mia mbili amewahi kupata baipola ya ile aina kali. Hicho ni kiwango kinachokaribiana na cha kwingine duniani. Chukua idadi ya watu wanaopita Kariakoo siku moja ya kabla ya Idi, ugawe kwa mia mbili, utajua mjomba hayuko peke yake mtaani.

Basi turudi kwenye kalamu. Ilihamaje kutoka mkono wa daktari?

Nadhani dawa ilisaidia kuisukuma. Mwaka 1949 John Cade, daktari wa Australia, aliwapa lithiamu wagonjwa kumi waliopanda vibaya, akaona wanatulia. Ajabu ya dunia, maana lithiamu ni chumvi tu, inachimbwa ardhini. Lakini mgonjwa wake wa kwanza, baada ya kupona na kurudi nyumbani, kuacha dawa na kurudiwa, alifariki mwaka uliofuata kwa sumu ya lithiamu hiyohiyo. Kipimo kinachotibu na kinachoua vinakaribiana mno. Mogens Schou na wenzake wa Denmark walifanya jaribio la kitaalamu lililochapishwa 1954, na matibabu yakaja kusimama juu ya kupima damu kila baada ya muda. Kwa mara ya kwanza mgonjwa wa baipola akawa na namba yake anayotoka nayo mlangoni. Na akawa na mambo ambayo yeye tu anaweza kuyaangalia: amekunywa maji kiasi gani, ametapika, ameharisha, ametoka jasho kiasi gani. Kwa joto la Dar la Februari, au kwa anayefunga Ramadhani, hilo si jambo dogo, maana mwili ukikauka lithiamu inapanda kwenye damu. Ndiyo maana WHO inashauri dawa hii itolewe pale tu penye uwezo wa kumfuatilia mgonjwa na kumpima. Pasipo na maabara, madaktari hugeukia dawa za kifafa kama kabamazepini na valproeti, nazo zina masharti yake.

Marekani nako, Adolf Meyer, Mswisi aliyehamia huko, alikuwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20 anawafundisha wanafunzi wake kuchora maisha ya mgonjwa kwenye chati: msiba, ndoa, kufukuzwa kazi, ugonjwa, vyote kwenye karatasi moja. Miaka ya 1980 Robert Post na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani waliifufua njia ya Kraepelin na Meyer. Kisha wakafika mahali ambapo fomu ya kila siku anaijaza mgonjwa mwenyewe, nyumbani kwake, jioni. Sikukuta hotuba wala sherehe iliyofanyika siku hiyo. Fomu tu ilibadilisha mkono.

Je, inasaidia? Hapa nilitegemea jibu tamu, nikapata lenye ndimu ndani. Mwaka 1999 kule Uingereza, Alison Perry na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 69. Nusu walifundishwa kuzitambua dalili zao wenyewe za mwanzo, zile zinazotangulia kupanda, na kuwa na mpango wa kumwahi mhudumu wa afya. Kwenye kundi la kawaida, robo ya wagonjwa walikuwa wamekwisha kupanda tena ndani ya wiki 17. Kwenye kundi lililofundishwa ilichukua wiki 65 kufika robo. Tofauti ya karibu mwaka mzima! Lakini kwa upande wa kushuka, kwa sonona, mafunzo hayakuonyesha tofauti.

Halafu simu zikaja. Oxford waliwatumia wagonjwa ujumbe mfupi kila wiki, nao wanajibu kwa namba, na ripoti ya 2010 ilionyesha kwamba watu wanajibu kweli. Denmark wakaenda mbele zaidi, wakawapa wagonjwa simu za kisasa wajaze mudi kila siku kwa miezi sita. Walikuwa wagonjwa 78, na matokeo yalitoka 2015. Kwa jumla hawakuona faida juu ya kundi lingine, na kulikuwa na dalili kwamba baadhi ya waliojaza kila siku walibaki na huzuni zaidi. Nilipomsomea mjomba hilo hakushangaa hata kidogo. Alisema, "Ukiwa chini halafu kila siku unaandika uko chini, inakuwa kama kusoma daftari la madeni yako kila asubuhi kabla ya chai."

Yeye alipataje daftari? Hadithi yenyewe fupi. Wengi wetu tuliotibiwa zahanati tunajua habari ya kununua daftari la shule, unampelekea daktari, anaandika, unaondoka nalo. La mjomba limejaa Kiingereza cha mkato ambacho hakukielewa kwa miaka. Alibeba kwapani maandishi juu yake mwenyewe asiyoweza kuyasoma. Siku moja muuguzi wa kliniki alimwonyesha karatasi ya chati, nayo ya Kiingereza, akamwambia ajaze. Mjomba akaikunja mfukoni, akarudi dukani, akachukua kaunta buku kwenye rafu yake mwenyewe, akaitafsiri kwa lugha ya duka.

Namba zake zinasomeka hivi. Sifuri ni "kawaida." Moja ya juu ni "biashara imenoga." Mbili ya juu ni "nina mipango." Tatu ya juu ni "napigia simu kila mtu." Kwenda chini: moja ni "sina hamu," mbili ni "wateja wananichosha," tatu ni "sifungui." Nimesoma fomu za wataalamu, sijaona maelezo yaliyonifafanulia ugonjwa huu kuliko yale maneno mawili, nina mipango. Kwa wengine wetu hiyo ni sifa ya kuombea kazi.

Muda si mrefu aligundua kwamba namba zenyewe si za kuaminika sana. Mtu anayepanda hajioni amepanda, anajiona amepona. Kuna wiki nzima aliyojipa sifuri wakati mtaa mzima ulikuwa unamshangaa. Safu isiyodanganya ni ya pili, saa za kulala. Sita, sita na nusu, tano, nne, tatu. Wataalamu nao wanasema hivyohivyo, kwamba usingizi kupungua bila mtu kuhisi uchovu ni kati ya ishara za mwanzo kabisa za kupanda. Kwa hiyo yeye na mkewe wana makubaliano, yameandikwa ndani ya jalada kwa kalamu nyekundu: akilala chini ya saa nne usiku wa mara mbili mfululizo, ufunguo wa duka na simu ya miamala vinakwenda kwa mkewe bila mjadala, na kesho yake wanakwenda kliniki wote wawili.

Bila mjadala! Imeandikwa hivyo, lakini mjadala upo. Nimeushuhudia. Mjomba alikuwa anacheka na mteja, kicheko cha kawaida cha mtu aliyeuza vizuri, mkewe akamuuliza kwa sauti ya chini, "Jana umelala saa ngapi?" Uso wake ulibadilika. Baadaye aliniambia kwamba hilo ndilo bei ya daftari. Tangu familia ilipojua lipo, furaha yake imekuwa mali ya kukaguliwa. Kuna miezi mitatu aliacha kuandika makusudi, ili tu apate kucheka kwa amani. Miezi hiyo iko wazi ndani ya daftari, mistari imepigwa, hakuna kitu. Sikumlaumu. Lakini pia nilikuwepo siku wale wenye mali kauli walipokuja kudai, na namwelewa mkewe.

Kurasa nyingine tupu ni za aina tofauti. Hizo ni zile za "sifungui." Siku alizokuwa chini kabisa hakuweza kushika kalamu, kwa hiyo sehemu ambayo daktari angependa kuisoma kuliko zote haipo. Juzijuzi mkewe ameanza kuzijaza yeye, kwa mwandiko wake, safu ya pili na ya tatu tu. Namba haweki. Anasema namba ni za mwenyewe.

Serikali nayo ilikwishajaribu kusogeza huduma karibu na watu. Miaka ya 1980, kwa msaada wa WHO na Denmark, mpango wa taifa wa afya ya akili ulianzia Morogoro na Kilimanjaro, wahudumu wa zahanati wakafundishwa kuwatambua na kuwafuatilia wagonjwa wa akili hukohuko waliko, wasisafirishwe wote mpaka Dodoma. Mwaka 2008 Bunge likatunga Sheria ya Afya ya Akili, ikachukua nafasi ya sheria ya kikoloni. Haya ni mambo ya maana. Ila daftari la mgonjwa linahitaji mtu wa upande wa pili wa kulisoma, na dakika za kulisomea. Mjomba hulipeleka kliniki kila tarehe yake. Kuna daktari mmoja aliyewahi kulifungua akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akampunguzia dawa moja kwa sababu ya alichokiona kwenye safu ya usingizi. Wengine huuliza tu, "Unaendeleaje?" huku foleni imejaa mpaka nje.

Jumamosi iliyopita nilipita dukani. Shikamoo mjomba, marahaba mjomba. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, Msimbazi imejaa maji, machinga wamefunika meza kwa maturubai. Alikuwa ameandika tayari: saa sita na nusu, tiki, sifuri, "Mvua. Wateja wachache. Mpwa kaja." Nikamwomba nipige picha ya ukurasa ule mmoja tu, bila jina, niweke na maandishi haya. Akafunga daftari, akalirudisha chini ya droo, akaniuliza kama nimekula.